Mkurugenzi Aliyeelea Juu ya Kiti

Kazini walimwita Kaimu, na wafanyakazi wapya walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Ukweli ni kwamba alikuwa Kaimu Mkuu wa Masjala katika kampuni ya bima, na alikuwa amekaimu muda mrefu hadi cheo kikamganda. Mkuu wa masjala aliyemtangulia alistaafu, akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, na Kaimu akaombwa ashike nafasi kwa muda mfupi tu, wakati taratibu zinakamilishwa. Wakati huo alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa mwisho. Mtoto huyo sasa anaota ndevu, na taratibu bado zinakamilishwa.

Masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo, chumba kirefu chenye rafu za chuma, ngazi ya kukunja, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na dirisha dogo lililotazama maegesho kwa usawa wa matairi. Kaimu alijua nani amefika kazini kwa kuangalia tairi. Kila karatasi ya jengo zima ilipita kwake kugongwa muhuri wa "Imepokelewa" kabla ya kupanda ghorofani, na nyingi zilizopanda hazikushuka tena. Mara nyingi alipanda nazo mwenyewe, akiwa ameazimia kumuuliza Mkurugenzi habari ya kuthibitishwa kwake. Akishaingia ofisini kwake, ulimi unakuwa mzito. Anauliza kama kuna faili la kurudisha, anapewa faili, anashuka nalo.

Mwaka ule wateja walilalamika sana kwamba madai yao hayashughulikiwi. Uongozi ukakaa, ukatafakari, ukaona tatizo ni wafanyakazi kukosa malengo maishani. Ikaandaliwa semina ya malengo binafsi, akaletwa mshauri wa mafanikio, bwana mmoja wa suruali fupi na viatu visivyo na soksi, ambaye kabla hata chai haijaletwa alikwishapewa jina la Bwana Maono. Aliwaambia wafumbe macho wajione watakavyokuwa baada ya miaka mitano. Dereva alifumba macho, akakoroma.

Halafu kila mtu akatakiwa kusimama na kutaja lengo lake. Mhasibu alisema anataka kuwa mtu wa kuamka alfajiri. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi alisema anataka kujifunza kukataa, na alipoombwa papo hapo aandike kumbukumbu za semina nzima, akasema hakuna shida. Mkurugenzi alisema lengo lake ni unyenyekevu, na kwamba anakusudia kuwa mnyenyekevu kuliko wakurugenzi wote katika sekta ya bima. Watu walisimama kumpigia makofi.

Zamu ya Kaimu ikafika. Lengo lake alikuwa nalo, tena la siku nyingi, lakini mwenye uwezo wa kulitimiza alikuwa amekaa mstari wa mbele akitafuna biskuti. Macho ya Kaimu yakahangaika, yakatua kwenye boksi moja juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na miwani ya uhalisia pepe, ile minene inayofunika uso mzima kama ya mchomelea vyuma, ambayo kampuni ilinunua kwa sababu kampuni ya jengo la pili ilikuwa imenunua. Hakuna aliyejua ni ya kufanyia nini.

"Nataka kujifunza kutengeneza programu za uhalisia pepe," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu cha kwanza alichokiona.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Bwana Maono aliliandika lengo hilo kwa kalamu nene kwenye bango, na bango likabandikwa koridoni mkabala na vyoo, mahali ambapo hakuna mfanyakazi ambaye angeweza kulikwepa. Tangu hapo Mkurugenzi, ambaye miaka yote hakuwahi kumuuliza Kaimu jambo lisilohusu faili, akawa kila wakipishana anamuuliza lengo linaendeleaje. Kaimu akawa anajibu kwamba linaendelea vizuri. Lakini hakuwa mwongo wa asili, na uongo ule ulimsumbua kama jiwe ndani ya kiatu. Mwishowe akaandika barua ya kuomba kuazima ile miwani. Barua, kama barua zote, ilipita masjala. Akaigonga muhuri yeye mwenyewe, akaifungulia faili, akaipandisha. Ilirudi na idhini upesi kuliko barua yoyote aliyowahi kuiona, naye akaondoka kazini na boksi kwapani.

Nyumbani kwake sebule ilikuwa nusu sebule, nusu karakana. Mumewe alikuwa fundi wa suti. Cherehani lilikaa dirishani, na pembeni yake ilisimama sanamu ya kuvalisha makoti, isiyo na kichwa. Upande wa pili kulikuwa na kochi la mama mkwe wake, ambaye alihamia kwao baada ya magoti kuanza kumsumbua. Kaimu alijipatia kona ya meza ya chakula, akafungua kompyuta aliyoachiwa na binti yake mkubwa. Mama mkwe akataka kujua anasoma nini uzeeni.

"Uhalisia pepe, mama."

"Pepo gani tena, mwanangu? Humu ndani tumekaa salama."

Kaimu akamweleza kwamba si pepo, ni pepe, yaani kitu unachokiona mbele yako kabisa lakini hakipo. Mama mkwe akamwambia kwamba hiyo hasa ndiyo maana ya pepo, akaongeza sauti ya televisheni.

Alijifunza kwa video za bure za kwenye mtandao. Mwalimu wake alikuwa kijana wa nchi ya mbali aliyeongea kama anafukuzwa, na kila alipokaribia jambo gumu alisema hili ni rahisi sana. Kaimu akajifunza kuliogopa neno rahisi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa boksi jekundu. Aliliweka juu ya sakafu, akavaa miwani, akaliona boksi linazama sakafuni, linakwenda chini, chini zaidi, hadi likawa nukta. Ilimchukua siku kadhaa kugundua kwamba sakafu ile ilikuwa picha ya sakafu tu, na hakuna aliyeiambia iwe ngumu. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko lilivyomuudhi. Kazini mambo yalitokea bila mtu kuagiza, na yaliyoagizwa hayakutokea. Huku kila kitu kilingoja neno lake, na akikosea herufi moja aliambiwa palepale kwamba amekosea, bila kuzungushwa na bila kuambiwa arudi kesho.

Ikawa ndiyo starehe yake. Akitoka kazini, akishaweka chungu jikoni, anakaa na kompyuta, cherehani linanguruma upande ule, yeye anabofya upande huu. Aliunguza chakula mara kadhaa. Aligonga magoti kwenye kona ya meza. Siku moja, akiwa amevaa miwani, aliichapa kofi ile sanamu ya makoti, ikaenda chini na koti la mteja, na mumewe akamwomba kwa upole kwamba malengo yake binafsi yaishie nusu yake ya sebule.

Mafunzo yalimtaka ajenge chumba. Alijaribu kujenga sebule yao, makochi yakamshinda. Chumba pekee ambacho alikikumbuka kwa kila kona ni ofisi ya Mkurugenzi, maana alisimama humo mara nyingi akitazama kila kitu isipokuwa uso wa mwenye ofisi. Akaijenga: meza pana, pazia zito, kombe la timu ya kampuni lililojaa kalamu, na kiti cha wageni kilichokuwa kifupi kidogo kuliko viti vingine. Chumba kilipokamilika kilionekana kinamngoja mtu. Basi akamtengeneza na Mkurugenzi. Akachukua mwili wa bure mtandaoni, akaunyoa upara, akauongezea kitambi. Mwanzoni Mkurugenzi alielea juu ya kiti kama mvuke wa birika. Alipokubali kukaa, mdomo ukagoma kufunga. Kaimu alihangaika naye hadi akawa mtu, akampa na sauti, ambayo ilikuwa sauti yake mwenyewe iliyonenepeshwa na kompyuta.

Hapo ndipo wazo likamjia kwamba angeweza kufanya mazoezi. Alivaa miwani, akaketi, na katikati ya sebule yake akasema kwa mara ya kwanza kwa sauti kwamba anaomba kuthibitishwa kazini.

"Suala lako liko mezani," akajibu Mkurugenzi. "Tutaliangalia."

Mumewe aliacha kukanyaga cherehani.

"Maneno ya huyo bosi anayaandika nani?"

"Mimi."

"Si umwandikie akubali, basi?"

"Nilijaribu," Kaimu akasema, akiivua miwani. "Akikubali hafanani naye."

Mumewe alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akarudi kwenye mshono wake. Kaimu alibaki na miwani mapajani. Katika dunia ile alikuwa na uwezo wa kutundika jua popote alipotaka, na bado hakuweza kumpata mtu yule akisema ndiyo. Akajiuliza alikuwa anataka nini hasa miaka yote hiyo. Wakimthibitisha kesho, atakaa kiti kilekile, chini ya feni ileile, akitazama matairi yaleyale. Tofauti itakuwa neno moja limeondolewa mbele ya cheo chake. Kumbe umri wake aliutumia kungoja neno liondolewe. Na hili jambo alilolianza kwa kubwabwaja mbele za watu ndilo alilokuwa akiliwaza kila anapopanda ngazi ya rafu na faili mkononi. Hakufikia uamuzi wowote. Ila kesho yake kazini aligundua kwamba amepishana na Mkurugenzi na hakukumbuka kuumia.

Mumewe naye akaomba kuona. Hakushangaa dunia mpya, hakusema lolote juu ya maajabu ya teknolojia. Aliuliza nani amemshonea mtu huyu koti. Bega limeshuka, kwapa limembana, mkono mmoja umemeza kiganja. Kaimu akamwambia ile ni picha tu. Mumewe akasema picha au si picha, haiwezekani mtu akae mbele za watu na koti la namna ile na ijulikane katoka nyumba ya fundi. Basi wakaanza kumshonea Mkurugenzi upya. Fundi alisimama na futi shingoni akieleza jinsi koti linavyopanda mgongoni mtu akikaa, na mkewe akatafuta namna ya kuiambia kompyuta hivyo hivyo. Walibishana juu ya mikunjo ya kitambaa jioni nyingi. Hawakuwa wamezungumza kiasi hicho tangu watoto walipokuwa wadogo, na siku zile mazungumzo yenyewe yalikuwa ya homa na nepi.

Mama mkwe alikuwa wa mwisho kuvaa. Aliingia ofisini, akamsalimu Mkurugenzi kwa heshima ya mgeni, akangoja. Mkurugenzi akamtazama tu, maana hakuna aliyemfundisha salamu. Bibi akavua miwani.

"Huyu kijana hakulelewa," akasema. "Anaona mtu mzima anaingia, kakaa kama gogo."

Kaimu akaona aibu kama vile ni mtoto wake. Akamwandikia Mkurugenzi aanze kwa shikamoo. Hakujua namna ya kumfanya atambue umri wa mtu, hivyo akamwacha awaamkie wote wanaoingia. Bibi alirudi, akaamkiwa, akaitikia, akaridhika. Tangu siku hiyo, mchana watu wakiwa kazini, yeye huvaa miwani na kumweleza Mkurugenzi habari za magoti yake. Alisema anasikiliza kuliko daktari.

Siku ya kupima malengo ikafika na Bwana Maono akarudi, bado hana soksi. Mhasibu alieleza kwamba sasa huamka alfajiri, kisha hulala tena. Katibu muhtasi alikuwa anaandika kumbukumbu. Kaimu alikusudia kuonyesha boksi jekundu na kuishia hapo. Alichosahau ni kwamba jana yake mama mkwe alikuwa na maongezi marefu, na miwani ilibaki imefunguliwa kwenye ofisi ya Mkurugenzi. Kabla hajabadilisha kitu, Mkurugenzi wa kweli alisema kiongozi bora hutangulia, akaichukua, akaivaa.

"Shikamoo," ikasikika ndani ya miwani sauti nzito yenye unyenyekevu.

"Marahaba," akaitikia Mkurugenzi mbele ya wafanyakazi wote, kabla hajafikiri.

Dereva alikohoa sana. Kaimu alikuwa amesimama ameshika waya wa miwani. Mkurugenzi aligeuza kichwa taratibu, akatazama meza yake, pazia lake, kombe lake, na yeye mwenyewe amekaa nyuma ya hivyo vyote katika koti lililoshonwa vizuri. Akapapasa, akapata kiti, akaketi. Hakuwahi kukaa upande ule wa meza yake. Yule wa ndani akamkaribisha, akamuuliza ana shida gani. Mkurugenzi alisogea mbele kwenye kiti. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni Kaimu peke yake aliyeisikia kwa kuwa karibu naye, kwamba ni ile barua yake mwenyewe ya kuthibitishwa, kutoka makao makuu.

"Suala lako liko mezani. Tutaliangalia."

Mkurugenzi wa kweli akasema wamekuwa wakiliangalia tangu alipohamishiwa hapa.

"Suala lako liko mezani."

"Lini sasa?" akauliza Mkurugenzi, na hii waliisikia hadi waliokaa nyuma.

Kaimu alimtazama mtu yule akiwa amefunikwa uso, mikono juu ya magoti, amekaa kama wanavyokaa wateja. Kibao cha mlangoni kwake kiliandikwa Mkurugenzi, kwa herufi za shaba. Kumbe na yeye alikuwa anakaimu, ila alikuwa na uwezo wa kuagiza kibao.

Alipovua miwani alikuwa na alama nyekundu kuzunguka macho. Watu walitazama chini wakingoja radi. Mkurugenzi akafuta uso kwa kitambaa, akatangaza kwamba ubunifu huu una manufaa makubwa kwa kampuni. Bwana Maono akaanzisha makofi.

Wiki iliyofuata ikatoka amri. Miwani mingine ikanunuliwa, ikawekwa mapokezi, na kila mteja mwenye malalamiko akatakiwa aonane kwanza na Mkurugenzi wa kwenye miwani kabla ya kufikiriwa kuonana na yule wa ghorofani. Matokeo yalishangaza kila mtu. Wateja walitoka wametulia. Walisema wameamkiwa, wamekaribishwa, wamesikilizwa hadi mwisho, na kwamba bwana yule hashiki simu wala hakumbuki ghafla kwamba ana kikao. Mzee mmoja aliyedai fidia ya duka lililoungua alikuja mara tatu, na mara ya tatu alikuja kumsalimia tu. Malalamiko yakapungua, uongozi ukaandika kwa makao makuu kwamba tatizo la madai limetatuliwa. Madai yenyewe hayakuguswa.

Kisha Mkurugenzi akamwita Kaimu, akamweka kwenye kile kiti kifupi, akampongeza kwa hotuba. Akamjulisha kwamba, pamoja na masjala, ameteuliwa kuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo kipya cha Uhalisia Pepe, wakati taratibu zinakamilishwa. Kaimu alikuwa amezungumza na uso ule kila jioni kwa miezi. Ulimi haukuwa mzito hata kidogo.

"Mkurugenzi, kukaimu kumoja kunanitosha."

Mkurugenzi akaanza kumweleza kwamba mamlaka ya kuthibitisha watu hayako kwake. Kaimu akamwambia anajua. Mkurugenzi akasita, akamuuliza amejuaje. Kaimu akamjibu kwamba siku ile ndiye aliyekuwa ameshika waya. Wakatazamana. Mkurugenzi aliinuka, akahakikisha mlango umefungwa, akarudi kukaa, safari hii kwenye ukingo wa meza.

"Huko nje usiseme, mama."

"Siwezi kusema. Ningemwambia nani?"

Mkurugenzi akamuuliza basi anataka nini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo bila kalamu nene mkononi. Kaimu akasema anataka ile miwani ya zamani ibaki kwake, saa ya kutoka kazini ikifika atoke kweli, na kitengo kipya apewe anayekitamani. Mkurugenzi akasema sawa. Alisema mara moja tu, bila kushauriana na mtu, na Kaimu nusura amwombe arudie.

Kitengo akapewa Bwana Maono. Kina vikao vingi na bado hakijatengeneza hata boksi. Kaimu yuko masjala, anakaimu, na akiulizwa na wafanyakazi wapya kama hilo ndilo jina lake hujibu kwamba limeshakuwa. Wapo wanaosema alichezea bahati, na huenda ni kweli.

Nyumbani amejenga chumba cha kujaribia suti. Mteja anajiona amevaa nguo kabla kitambaa hakijakatwa, na mumewe amepunguza kufumua. Wa kwanza kukitumia alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mnene mwenye sauti ya gwaride, ambaye alitaka suti ya kumwoza binti yake. Alisimama katikati ya sebule na miwani usoni, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaomba kujiona kwa nyuma. Kisha akashusha sauti, akamuuliza Kaimu kama hiyo mashine inaweza kupunguza tumbo. Kaimu akamwambia inaweza, ni mistari michache tu, lakini fundi ameshachukua vipimo na suti itakuja kwa tumbo lililopo. Mwalimu mkuu akasema analijua hilo, ila apunguziwe tu, aone.

Kaimu akampunguzia. Mwalimu mkuu akanyoosha mabega, akasimama hivyo hivyo bila kuvua miwani, na ilibidi fundi anywe chai yake yote, na ile aliyomiminiwa mgeni pia.